Jiwe Ulilookota ni la Aina Gani? Mwongozo wa Kutambua Miamba Geu Mbeya, Iringa na Maeneo Jirani

Karibu kila wiki natumiwa picha ya jiwe. Limewekwa kwenye kiganja, usiku, taa ya simu imelimulika mpaka limekuwa jeupe lote, na chini yake maneno mawili: "Hii nini?" Nikiuliza limetoka wapi, najibiwa "shambani". Nikiuliza ndani likoje, kimya. Wiki inayofuata picha nyingine, ya mtu mwingine, na maswali ni yale yale. Kinachong'aa ni dhahabu? Hii ni graniti au naisi? Marumaru na chokaa vinatofautianaje?

Simlaumu anayeuliza. Wengi wetu darasani tulikariri kwamba chokaa hugeuka marumaru na jiwe mchanga hugeuka kwatsaiti, tukajibu mtihani, yakaishia hapo. Hakuna aliyetutoa nje na nyundo. Nimeandika hapa ninavyofanya mimi mwenyewe nikiwa na jiwe mkononi, hatua kwa hatua, kwa vifaa unavyoweza kuvipata Mwanjelwa au soko lolote. Neno moja nitalirudia mpaka ulichoke: anza na mpangilio wa chembe, rangi iwe ya mwisho.

NADHARIA KIDOGO TU

Umewahi kuwepo tanuru la tofali likifunguliwa? Udongo ulikuwa mmoja, umechimbwa shimo moja. Lakini tofali za pembeni zinatoka zimepauka, ukizikwaruza kwa kucha zinatoa unga. Za katikati ni nyekundu na zikigonganishwa zinalia. Zile zilizokuwa mdomoni mwa moto zimekuwa zambarau karibu na nyeusi, zimeng'aa kama zimepakwa vanishi, na nyingine zimeng'ang'aniana mbili mbili mpaka uzitenganishe kwa nyundo. Fundi hakuongeza kitu. Joto limekipanga upya kilichokuwemo.

Mwamba geu ndivyo unavyopatikana. Mwamba uliokuwepo tayari, uwe wa moto, wa mashapo au hata geu la zamani, unapata joto, mgandamizo na maji ya moto yanayopenya ndani yake, unabadilika huku bado ni mgumu. Ukiyeyuka wote ukaganda upya, huo tena ni mwamba wa moto. Kwa kawaida joto ardhini huongezeka nyuzi 25 hadi 30 za Selsiasi kwa kila kilomita unayoshuka. Mabadiliko ya kwanza huanza kwenye nyuzi 150 hadi 200, na baadhi ya miamba ikifika nyuzi 650 au 700, maji yakiwepo, huanza kuyeyuka.

Tanuru halina kitu kimoja: halibani. Ardhini milima inapojengeka mwamba unabanwa kutoka upande fulani. Chukua donge la unga, changanya mbegu za maboga, kisha lisukume kama chapati. Mbegu zote zitalala upande mmoja. Chembe bapa ndani ya mwamba hufanya hivyo hivyo, na kulala huko ndiko ninakokuita mpangilio.

Kwa hapa kwetu, jua jambo hili na litakuokoa mara nyingi. Kuna ukanda wa miamba geu ya kale unaotoka upande wa Ziwa Tanganyika, unapita Ufipa, Mbozi na Mbeya mpaka Ziwa Nyasa. Wanajiolojia huuita ukanda wa Ubende, na mageuko yake makubwa yalitokea karibu miaka bilioni 2 iliyopita. Upande wa Iringa kuna ndugu yake, ukanda wa Usagara. Juu ya ukanda huo wa Ubende, juzi tu kwa hesabu za miamba, yakamwagika majivu na lava za Rungwe, Ngozi na Kiejo. Ndiyo maana ukisimama Mbeya mjini, safu ya milima iliyo kaskazini, ya Loleza na kilele cha Mbeya, ni miamba ya kale iliyogeuka, na ukielekea Tukuyu unakanyaga volkano. Mtu anayeokota jiwe Kiwira akaliita naisi anatakiwa awe na ushahidi wa kutosha.

VITU VYA KUWA NAVYO

Nyundo ya fundi mawe ya kilo moja hivi. Ile ya seremala iache nyumbani, chuma chake kinaweza kumeguka vipande na kuruka. Miwani ya plastiki wanayovaa wakata vyuma. Hii si ya hiari. Msumari wa inchi nne, kipande cha kioo kinene kilichosuguliwa kingo, shilingi yenye rangi ya shaba, na kucha zako. Siki kwenye kichupa kidogo. Kigae cha bafuni, tunachokitaka ni mgongo wake usio na vanishi. Lenzi ya kukuza mara kumi kama unaipata. Usipoipata, kamera ya simu ukiivuta karibu inasaidia zaidi ya watu wanavyodhani. Maji ya kunywa, ambayo pia yatalowesha jiwe. Mzani wa kuning'iniza wa dijitali, ule wa kupimia mizigo ya basi. Maka peni, plasta ya kubandika, daftari, mfuko wa salfeti.

Wengine huniuliza kuhusu maji ya betri badala ya siki. Usiyatumie. Yanaunguza ngozi na macho, na kwenye chokaa hayakupi jibu zuri hata hivyo, kwa sababu yanajenga ganda juu ya jiwe na mchemko unakufa.

HATUA ZENYEWE

1. Jua limetoka wapi

Kuna jiwe lililo mahali pake, limeungana na mwamba mkubwa, na kuna jiwe la kuokota. La kuokota limeletwa: na mto, na mteremko, au na lori. Mwaka mmoja nilipata karibu na Uyole kipande cheupe kizuri, chenye chembe kama sukari. Nikapanda vilima siku mbili nikitafuta kilikotoka. Siku ya tatu bibi mmoja aliyekuwa anauza ndizi kando ya barabara akaniuliza natafuta nini. Nikamwonyesha. "Mwanangu, hayo yalimwagwa na lori mwaka juzi, watu wa barabara walipokuwa wanajaza shimo." Nilinunua mkungu mzima kwa aibu.

Kwa hiyo andika: mahali (simu yako ina ramani, nakili namba za eneo), tarehe, na kama jiwe lilikuwa mwambani au limelala tu. Kama ni la mtoni, andika mto gani, maana mito inayoshuka kutoka Rungwe huleta lava.

Mahali pazuri pa kuanzia mazoezi kwa mtu wa Mbeya ni barabara ya Chunya inapopanda safu ya milima, palipokatwa ukingo. Egesha mbali na kona. Kwa mtu wa Iringa, mlima Kitonga una miamba mizuri sana kando ya barabara, na sikushauri kabisa usimame pale kuigonga. Malori yanashuka yakiwa na breki za moto, na wewe umewapa mgongo. Tafuta korongo la kijijini kwako.

2. Livunje

Sura ya nje ni ya mvua na jua. Mawe ya nje ni kama abiria waliotoka Chunya enzi za vumbi: wote rangi moja. Usilitaje jina jiwe ambalo hujaliona ndani.

Vaa miwani. Piga ukingo, si katikati, na wenzako wakae mbali. Unataka kipande cha ukubwa wa ngumi chenye angalau nyuso mbili mpya.

Pasipogongwa: jiwe la Gangilonga pale Iringa, michoro ya kale ya Igeleke, nguzo za Isimila, na Kimondo cha Mbozi. Hicho kimondo watu wanakiuliza sana, kwa hiyo niseme: kina uzito wa takriban tani 16, karibu asilimia 90 ni chuma, kimetoka angani, na si mwamba geu wala wa moto wala wa mashapo wa hapa. Kadhalika usichukue jiwe ndani ya hifadhi ya taifa, iwe Kitulo, Ruaha au Udzungwa. Shambani kwa mtu, omba. Na Chunya kaa mbali na maduara ya zamani yaliyoachwa wazi, na usiokote mawe kwenye marudio, yaani mabaki ya mchanga wa dhahabu, yaliyooshwa kwa zebaki.

3. Lowesha, kisha ligeuze juani

Hapa ndipo kazi ilipo. Mwagia maji uso mpya, utaona chembe zinajitokeza kama picha iliyosafishwa. Simama juani, jua likupige begani, geuza jiwe polepole. Usitafute rangi. Tafuta jibu la swali moja: chembe zimepangwa au zimetawanyika?

Angalia nyuso tatu, si moja. Jiwe lenye mpangilio hudanganya. Uso mmoja utaonyesha mistari wazi, uso mwingine, ule unaolala sambamba na mpangilio, utaonyesha bamba zimetapakaa bila mstari wowote. Wanaoanza hutazama huo uso wa pili wakaandika "haina mpangilio". Kama uso mmoja tu una mistari, mpangilio upo. Chora alama ya mshale kwa maka peni kuonyesha unaelekea wapi.

Dalili nyingine ni mmeto. Ukigeuza jiwe likifika pembe fulani, uso mzima unawaka kwa mara moja kama bati, kisha unazima. Hizo ni bamba za ulanga (maika), madini yanayobanduka kama karatasi nyembamba zinazong'aa, zilizolala pamoja.

4. Hakikisha si tabaka wala lava

Mistari peke yake haitoshi. Mashapo nayo yana mistari, na lava pia.

Kwenye jiwe mchanga la kawaida chembe ni za mviringo, zimegundishwa tu. Kwaruza kwa msumari, zinabanduka moja moja na kuacha mchanga kidoleni. Ukiona kisukuku cha jani au gamba, uwezekano kwamba mwamba huo umegeuka sana ni mdogo. Makaa ya Kiwira na Mchuchuma yamelala kwenye miamba ya namna hiyo, ya mashapo.

Lava huwa na vitundu vya hewa, au weusi mzito usioonekana chembe, na mara nyingine fuwele chache zimeelea ndani yake kama zabibu kwenye keki. Nenda Daraja la Mungu pale Kiwira ukaone lava inavyokuwa, macho yako yatapata kipimo.

Graniti ndiyo inayosumbua zaidi, kwa sababu graniti na naisi vinaweza kuwa na madini yale yale kabisa: kwatsi, feldispa na ulanga. Tofauti ni kwamba chembe nyeusi zikiwa zimetawanyika kama pilipili manga kwenye wali, ni graniti. Zikipanga foleni, au zikitengana na nyeupe mpaka unaona mkanda mweusi, mkanda mweupe, ni naisi. Na zikiwa katikati? Zipo za katikati. Andika "naisi ya kigraniti" usione haya, wanajiolojia wenyewe huandika hivyo.

5. Kama zimepangwa, pima ukubwa wa chembe

Familia hii inafuata mstari mmoja, hasa mwamba ulioanza kama tope. Kadiri ulivyoshuka chini zaidi na kupata joto zaidi, ndivyo chembe zilivyokua.

Chembe hazionekani hata kwa lenzi, jiwe linapasuka bapa, likigongwa linatoa mlio mkavu: sleti. Ni lile lile la vibao vya kuandikia vya wazee wetu.

Chembe bado hazionekani lakini uso una mng'ao wa hariri na mara nyingine mikunjo midogo kama ya kitambaa kilichoanikwa bila kunyooshwa: filaiti.

Bamba za ulanga zinaonekana kwa macho, jiwe linabanduka kwa tabaka ukilisukuma kwa kucha, vumbi lake linang'aa kwenye vidole mpaka jioni: shisti. Hili ndilo jiwe la "nimepata dhahabu". Tumalize suala hilo hapa hapa. Chukua pini, choma kipande kinachong'aa. Ulanga unabanduka au kuvunjika. Dhahabu haivunjiki, inaacha kishimo, kwa sababu ni laini. Ulanga ukiutikisa kwenye karai la maji unaelea juu na kwenda na maji, dhahabu inabaki chini. Kama ni chembe za manjano zenye kona kali kama vijiboksi, sugua kwenye mgongo wa kigae: dhahabu itaacha mstari wa manjano, na pairaiti, madini ya chuma yanayofanana na dhahabu, itaacha mweusi wenye ukijani. Mzee aliyefanya kazi kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa, Chunya, ujana wake wote aliwahi kuniambia kwamba dhahabu haimeremeti, inatulia. Unaitazama kivulini rangi yake ni ile ile. Ulanga ukiutoa juani umekufa.

Mikanda myeusi na myeupe iliyotengana, chembe za milimita moja au zaidi, na jiwe halibanduki kwa tabaka bali linavunjika popote: naisi. Naisi ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi kwenye safu ya Mbeya na kwenye milima ya Udzungwa.

Na ukiona mikanda myeupe imevimba, imejikunja na kupinda kama maziwa yaliyomwagwa kwenye uji wa ulezi bila kukorogwa, umefika mpaka wa mwisho wa miamba geu. Sehemu yake ilianza kuyeyuka. Huitwa migmataiti.

Mstari mmoja wa pembeni: kwenye nyufa kubwa za ardhi mwamba husagwa na kunyooshwa mpaka chembe zake zinakuwa kama unga uliovutwa. Ni mailonaiti. Wachimbaji wa Lupa wanaijua bila kuijua, kwa sababu mishipa mingi ya kwatsi yenye dhahabu inafuata kanda hizo zilizosagwa.

6. Kama hazijapangwa, tumia msumari na siki

Kwaruza kwanza. Futa unga kwa kidole kabla ya kuhukumu, kwa sababu mara nyingi msumari ndio unaoliwa na mstari unaouona ni chuma.

Msumari unachimba kwa urahisi na shilingi ya shaba karibu iache alama? Kwaruza upate unga, dondoshea siki. Ikichemka kwa vipovu, una jiwe la kalsaiti, madini yanayojenga chokaa. Hapo watu wa Mbeya tuna mtego wetu wa peke yetu, kwa sababu tuna mawe ya aina tatu yanayochemka na moja tu ndilo geu.

La kwanza ni lile la Songwe linaloitwa marmo, linalokatwa na kung'arishwa kwa sakafu na meza. Ni zuri sana, lakini liliwekwa na maji ya chemchemi za moto, tone kwa tone. Ukilitazama upande wake lina mikanda iliyopinda, vitundu, na mara nyingine alama za mabua. Si mwamba geu. La pili ni karbonataiti ya kilima cha Panda, mwamba wa moto uliotoka chini ukiwa umejaa kalsaiti, maarufu kwa madini ya niobiamu. Eneo lile lina wenyewe, usijiendee tu. La tatu ndilo marumaru halisi: chokaa iliyookwa na kubanwa mpaka chembe zake zikakua na kushikana. Hilo halina vitundu, na uso wake uliovunjwa unameta kila upande kama donge la sukari. Ukimwuliza fundi ujenzi marumaru, atakuletea vigae vya sakafuni, ambavyo ni udongo uliochomwa kiwandani. Usibishane naye, ana kazi.

Siki ikichemka kidogo mno, na kwenye unga tu, huenda ni marumaru ya dolomaiti. Subiri dakika nzima kabla ya kusema haichemki.

Msumari hauachi alama, na jiwe lenyewe linakwaruza kioo? Kama ni jeupe au la kijivu na linavunjika likipita katikati ya chembe, likaacha uso laini wenye kingo kali, ni kwatsaiti, yaani jiwe mchanga lililogeuka. Jiwe mchanga la kawaida huvunjika likizunguka chembe. Mshipa wa kwatsi nao ni mweupe na mgumu, ila hauna chembe kabisa, unafanana na barafu yenye ukungu, na unakata miamba mingine.

Jiwe jeusi au la kijani kibichi kizito, chembe ndefu kama sindano fupi zinazometa, zito mkononi: amfiboliti. Lilikuwa basalti, ile lava nyeusi nzito. Mara nyingine sindano hizo zimelala upande mmoja, mara nyingine hazijalala, kwa hiyo utalikuta pande zote mbili za mwongozo huu. Jiwe la rangi ya giza, chembe ndogo mno, gumu, linavunjika kama kigae, na limekutwa kando ya mwamba wa moto uliojipenyeza: fikiria honfelsi. Hilo ndilo tofali la mdomoni mwa tanuru.

7. Lipime

Hatua hii watu huiruka na ndiyo inayokata ubishi. Chagua kipande cha karibu kilo moja, kisicho na nyufa. Kifunge uzi, kitundike kwenye mzani, andika uzito. Kisha kishushe ndani ya ndoo ya maji kizame chote bila kugusa chini wala ukingo, andika tena. Gawa uzito wa hewani kwa tofauti ya hizo mbili.

Mfano kutoka daftari langu: hewani gramu 930, majini gramu 620, tofauti 310. 930 kwa 310 ni 3.0. Nilikuwa nimeandika naisi kwa sababu ya mikanda. Naisi ya kawaida hukaa kati ya 2.6 na 2.8, kwatsaiti karibu 2.65, marumaru karibu 2.7. Tatu kamili ni amfiboliti. Nikalirudia juani, nikaona kweli, mikanda yangu "myeupe" ilikuwa michache na myembamba kama uzi.

Basalti nayo inaweza kufika 2.9 au 3.0, kwa hiyo uzito haufanyi kazi bila hatua ya 3.

8. Tafuta madini ya kupimia joto

Baadhi ya madini hayatokei mpaka joto na mgandamizo vifike kiwango fulani. George Barrow aliliona hilo Uskoti, akalichapisha mwaka 1893: ukitembea kuelekea palipopata joto zaidi, kwenye miamba iliyokuwa tope, yanakuja kwa zamu. Kwanza kloraiti ya kijani, halafu ulanga mweusi, halafu ganeti, stauroliti, kayanaiti, na mwisho silimanaiti.

Ganeti utaijua: vidonge vyekundu vya rangi ya damu ya mzee, mviringo wenye pande, vimekaa kwenye shisti kama maharage kwenye makande, na bamba za ulanga zimevizunguka. Kayanaiti ni bamba ndefu za samawati, na ina jambo la ajabu ambalo lazima ulijaribu mwenyewe. Ikwaruze kwa msumari kufuata urefu wake, inakwaruzika. Ikwaruze kukata upana, msumari unateleza. Fuwele moja, ugumu wa aina mbili.

Na kama uko Isimani, kaskazini mwa Iringa, ukakuta jiwe zito kupita kiasi, la kijani lenye ganeti nyekundu, uzito wake ukitoa 3.4 au zaidi, likalishe vizuri. Eklojaiti za huko zilichapishwa mwaka 1995 kuwa na umri wa karibu miaka bilioni 2. Ni basalti iliyozamishwa kwa kina kirefu sana ikarudi juu, na wataalamu hulitumia jiwe hilo kama ushahidi kwamba tayari wakati huo sakafu za bahari zilikuwa zinazama chini ya mabara. Watoto wa pale wanatupia mbuzi mawe bila kujua.

9. Andika jina

Anza na jina la mpangilio, kisha madini unayoyaona, yaliyo mengi kwanza. "Shisti ya ulanga yenye ganeti." "Naisi ya kwatsi na feldispa yenye ulanga mweusi kidogo." Chini yake andika unachodhani ulikuwa mwamba gani zamani, na uweke neno "nadhani". Bandika plasta kwenye jiwe, andika namba, namba hiyo hiyo daftarini. Nina kiroba kizima cha mawe mazuri nyumbani yasiyo na namba, na thamani yake sasa ni kuzuia mlango.

MAMBO YAKIKWAMA

Jiwe limeoza, kila ukivunja ndani ni udongo mwekundu. Umechukua sehemu iliyoliwa na mvua. Tafuta kwenye kitanda cha mto au penye ukingo mpya wa barabara. Lakini angalia: mara nyingine ule udongo bado una mikanda ya naisi iliyohifadhika, unaweza kuipiga picha kabla hujaugusa.

Siki haichemki na nina uhakika ni marumaru. Siki yako huenda imechakachuliwa kwa maji. Ijaribu kwenye ganda la yai. Ikichemka pale isichemke kwenye unga wa jiwe, si marumaru ya kalsaiti.

Siki inachemka kwenye jiwe ambalo ni naisi kabisa. Angalia nyufa. Maji ya ardhini huacha chokaa nyembamba ndani ya nyufa, nayo ndiyo inayochemka.

Mzani unanipa jibu tofauti kila nikipima. Kuna hewa imenasa kwenye vitundu, au jiwe linagusa ndoo. Loweka usiku kucha, sugua kwa brashi, rudia mara tatu uchukue la katikati.

Hatua ya 5 na ya 6 zinanipa majina mawili. Rudi hatua ya 3 na uso mwingine wa jiwe. Mara tisa kwa kumi ndipo ulipokosea.

Nataka kuliuza. Hapo tumetoka kwenye kujifunza. Kuchimba na kuuza madini kunahitaji leseni, na anayekujibu ni ofisi ya madini ya mkoa.

Nimefanya yote na bado sijui. Usiliweke jina. Andika ulichoona, likate vipande viwili, kimoja kibaki kwako. Kingine kinaweza kupelekwa Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, Dodoma, ambao wana maabara na pia ramani za jiolojia za maeneo yetu. Na kama bado unataka kunitumia picha, nitumie tatu: mwamba ulikotoka ukiwa na mtu amesimama pembeni, uso uliovunjwa na kuloweshwa ukiwa juani na shilingi juu yake, na ukurasa wa daftari. Ya usiku sifungui.